Mate ya Kukhu na Leso Yangu

Nabwire mwanangu,

Usishtuke kukuta karatasi ndani ya kiatu. Nimefikiria kila mahali pa kuiweka. Begi hutalifungua mpaka ufike Kampala, na kwenye simu ukiona ujumbe mrefu kutoka kwangu unasoma mistari miwili, halafu unanijibu kwa kale kapicha ka kidole gumba. Kiatu lazima ukivae. Na nataka uisome barua hii kabla ya kuvaa kiatu cha pili, kwa sababu kuna mtu anakuja asubuhi na ameuliza swali ambalo mimi sina haki ya kulijibu. Ni lako.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango, kuchemsha maji na kuchagua marafiki. Hayo nimeyasema mwezi mzima mpaka baba yako ameyakariri. Juzi nilimsikia akimhimiza jirani achemshe maji. Wala sitakulilia kwenye karatasi. Nina furaha, Nabwire. Nina furaha hata leo nimeshona kola mbili kinyumenyume na sijali, wenyewe watasubiri. Mtoto wangu anakwenda kusomea udaktari wa meno, mimi niliyeyatumia meno yangu kama mkasi maisha yangu yote.

Sasa hivi umevuka upande wa Kenya kumuaga rafiki yako. Malori yanapiga honi kwenye foleni, jua bado lipo kidogo, na mimi nimekaa kwenye cherehani bila kushona. Baba yako anajiandaa kwenda kijijini Buhehe. Atalala huko ili alfajiri ampakie Kukhu, mama yake, kwenye pikipiki na kumleta. Ukisikia pikipiki inazima uani, ujue ni yeye.

Barua hii ni ya mate. Ndiyo, cheka. Mama mwingine angemwandikia binti yake juu ya heshima na kumcha Mungu, wako anakuandikia juu ya mate.

Unanijua kazini. Uzi nalowesha kwa ulimi ndipo uingie kwenye tundu la sindano. Nikimaliza mshono nauma uzi, ingawa mkasi uko hapo hapo mapajani. Pini nazishika mdomoni na bado nampigia mteja hesabu za kiuno. Mlipokuwa wadogo mlicheza mchezo wa kuniiga, mnabana njiti midomoni na kusema, "Geuka nyuma, mama," na kila mtu alijua mnamwiga nani. Niliona mdomo wangu ni chombo cha kazi, na chombo cha kazi hakiugui.

Halafu ikaja corona. Shule zikafungwa, mpaka wa Kenya ukafungwa, soko likanyamaza, na mimi nikapata kazi kuliko wakati wowote kwa sababu kila mtu alitaka barakoa. Nilishona barakoa za maua, za mistari, za vitambaa vya sare za shule. Kwa kuzishona tu nikajiona nimekuwa daktari. Nilisimama sokoni nikawafundisha watu namna mate yanavyoruka mtu akiongea. Nilimwonyesha hata mhubiri. Mate, mate, mate, nilikuwa na neno moja tu kinywani, huku mimi mwenyewe nalowesha uzi kwa ulimi na kushonea barakoa za watu. Wewe ndiye uliyenionyesha kosa hilo baadaye, na tulicheka mpaka Baba akaja kuuliza kuna nini.

Ila kuna siku moja ya wakati ule ambayo hatujawahi kuicheka pamoja. Ni ile asubuhi uliyokuwa unakwenda kufanya mtihani wa kidato cha nne. Kukhu alitembea kutoka Buhehe kwa miguu kwa sababu bodaboda hazikuruhusiwa kubeba watu kwa uhuru, na alifika hajaonja kitu, kama inavyotakiwa. Wewe ulisimama uani na blauzi nyeupe niliyoishona na kuipiga pasi mwenyewe. Wanawake wa kanisa walikuwepo. Kukhu akaifungua barakoa yake, akakushika mabega, akabana midomo na kukupulizia mate kwenye paji la uso na kifuani, huku anakuita kwa jina na kukutajia mema. Ndivyo watu wetu wanavyombariki mtoto anayetoka nyumbani. Mimi nilitemewa hivyo nilipoolewa, na yeye ndiye aliyenitemea.

Na mimi nikachomoa leso kiunoni na kukufuta. Mbele yake, hajamaliza hata maneno. Nilikufuta paji la uso, nikafuta blauzi, nikakunja leso kwa ncha mbili kama mtu aliyeokota uchafu wa kuku. Nilisema kitu juu ya ugonjwa. Sikukisema kwa ubaya, nilikisema kwa sauti ile ya mtaalamu wa barakoa.

Kukhu alirudisha barakoa usoni polepole. Unakumbuka alivyosema?

"Mate yangu imekuwa uchafu? Basi. Mimi sitemi hapa tena."

Hakunywa chai. Baba yako alimfuata barabarani, akarudi peke yake, na siku hiyo hakuniuliza neno, jambo ambalo kwa baba yako ni baya kuliko kelele. Wewe ulikwenda kwenye mtihani ukiwa na alama ya unyevu kifuani. Ugonjwa haukuwa uongo, na hofu yangu haikuwa ya bure, watu walikuwa wanazikwa. Lakini ningeweza kumwomba mapema, kwa heshima, abariki kwa mikono. Ningeweza kusubiri afike barabarani ndipo nikufute. Nilitaka wale wanawake waone ninavyojua.

Tuliendelea kumtembelea, tukampelekea sukari na samaki kutoka ziwani Majanji, naye akatupa mihogo na karanga. Alinisalimia. Lakini mtoto wa baba yako mkubwa alipokwenda jeshini, Kukhu alimshika mikono tu. Ulipokwenda kidato cha tano alikushika mikono tu. Nikajiambia, mzee ameelewa mambo ya kisasa. Moyoni nilijua hajaelewa kitu, amefunga tu.

Kisha nikatokewa na kidonda pembeni mwa ulimi.

Mwanzoni nilisema nimejing'ata. Kidonda cha mdomo si kitu, ukikipata siku ya soko unakisahau Jumapili. Hiki hakikusahaulika. Nilitia chumvi. Nilitia shubiri, nikatapika. Nilifungua ile dawa ya kapsuli ya rangi mbili nikamwagia unga wake ulimini, kama sisi sote tunavyofanya kwenye kila kidonda cha hapa Busia, cha mguu, cha mbuzi, chochote. Chai ya moto ikawa adui. Pini mdomoni zikanishinda, nikaanza kuzichomeka kwenye mkono wa gauni, na wateja wakaniuliza kwa nini nimekuwa mpole.

Nilikuwa mpole kwa sababu niliogopa. Najua sasa utaona ni ujinga, lakini nilikuwa na hakika kwamba ule ni mdomo wa Kukhu. Kwetu mate ya mzee yana pande mbili. Akiwa ameridhika ni baraka, akiwa na kinyongo ni kitu kingine, na mtu hayafuti hivi hivi. Nilimfungia mama wa mume wangu mdomo wake, basi wangu ndio unaooza. Kwa hiyo sikwenda hospitali, maana hospitali haitibu hilo. Na sikwenda Buhehe, maana ningefungua mdomo kuomba msamaha angekiona kidonda. Nilikaa katikati, nikatafuna uji.

Ukarudi nyumbani baada ya mitihani ya kidato cha sita. Jioni ya kwanza tu uliniona nakula upande mmoja. Ulinikalisha kwenye kiti cha wateja, ukawasha tochi ya simu, ukaniambia, "Mama, fungua." Nikasema nimechoka. Ukasema, "Fungua, mama." Sijui sauti ile ulianza kuwa nayo lini. Nilifungua.

Ulitazama kwa muda mrefu. Kisha ukaniambia kitu ambacho nimekishika hadi leo. "Kidonda cha mdomo huwa kina haraka ya kupona. Kikichelewa hivi, kuna kitu kinakizuia, na lazima mtu akiangalie."

Tulikwenda Tororo siku iliyofuata. Njia nzima niliutazama ule mwamba wa Tororo unavyokuja na nikaona unakuja upesi kuliko kawaida. Daktari wa meno, dada mmoja mchangamfu, alipitisha kidole tu mdomoni mwangu akasema, "Hii jino ndiyo inakukata, mama." Jino langu la pembeni lilikuwa limemeguka ukingo kwa miaka ya kuuma uzi, likabaki kali, na kila nilipoongea lilikuwa linakwangua palepale. Akalisugua likawa laini. Kazi fupi kuliko kupinda suruali. Lakini akasema kwa kuwa kidonda kimekaa sana, atachukua kinyama kidogo kipelekwe kupimwa, tusije tukaacha kitu kibaya humo.

Hapo ndipo nilipokufa kidogo. Wewe ulijua wanapima nini na mimi nilijua, na hakuna aliyelitaja neno lenyewe.

Siku za kusubiri majibu, Nabwire, ndizo ninazotaka ukumbuke ukiwa huko na watu wanakuita daktari. Hukuniambia nisiogope. Ulikaa na mimi hapa kwenye cherehani, ukanishonea vifungo vya mashati, na ukanifundisha mate. Ulisema ndani ya mate kuna protini ndogo ndogo zinaitwa vichocheo vya ukuaji. Ulisema mtu akiumia mdomoni, hivyo vichocheo vinakwenda kwenye nyama iliyo ukingoni mwa kidonda na kuiamsha, igawanyike, iongezeke, isogee mpaka pande mbili zikutane. Vingine vinaita mishipa midogo ya damu ije ilishe nyama mpya. Na yale maji maji yenyewe yanakilinda kidonda kisikauke. Nikakuuliza, yaani hiyo kazi imekuwa ikifanyika mdomoni mwangu bila mimi kuomba? Ukasema, tangu ulipozaliwa. Nikaacha kushona. Nimemaliza maisha yangu nikiyatumia mate kuloweshea uzi, na kumbe yenyewe yalikuwa yanashona.

Nikataka kwenda mbali zaidi, nikakuonyesha kidole changu, hapa sindano ya mashine ilipopita nilipokuwa najifunza kazi, na kovu jeusi liko mpaka leo. Nikasema basi ningekitia mdomoni siku ile kingepona bila kovu. Ukakataa. Ulisema mdomo una vijidudu vyake vingi, usiramberambe majeraha, na usimpake mtu mate kwenye kidonda. Tena ulisema si mate peke yake, hata nyama ya mdomoni ina tabia yake ya kupona bila kuacha alama. Nilipenda kwamba hukunidanganya ili kunifurahisha. Wengine wakijua kitu kidogo wanakikuza mpaka kinakuwa dawa ya kila kitu, nawajua, nilikuwa mmoja wao na barakoa zangu.

Majibu yakaja safi. Baba yako alichinja jogoo yule mkorofi. Na ulimi, ule ambao jino liliacha kuukwangua, ukajifunga wenyewe. Nilikuwa naenda kwenye kioo kila asubuhi kuutazama. Kidonda kikapungua, kikawa kamstari, kisha siku moja nikakitafuta na kisionekane. Hakuna kovu. Ukimwambia mgeni hapa palikuwa na shimo hatakuamini. Nilikuita uje uone na tukaruka hapo kwenye vitambaa, wewe na mimi, mteja amesimama mlangoni na zipu yake mkononi.

Sasa sikiliza ambalo hukulisikia, kwa sababu nilikwenda peke yangu.

Nilikwenda Buhehe. Kukhu alikuwa anapukuchua mahindi. Nilipiga magoti nikamweleza yote, leso, wale wanawake, kidonda, na kwamba niliamini ni yeye. Aliendelea kupukuchua mpaka nikamaliza. Halafu akacheka, mwanangu, akacheka mpaka akashika kifua.

"Mimi nilikasirika, sikulaani," alisema. "Hasira yenyewe iliisha njiani, sijafika hata hapa. Wewe ndiye umekaa nayo."

Nikamuuliza, mbona basi ameacha kutema? Akasema alikuwa anaogopa kufutwa tena. Bibi yule, aliyezaa tisa, anayemfokea chifu, alikuwa anaogopa leso yangu.

Halafu akaniambia mate yenyewe sasa hayaji. Tangu aanze kumeza dawa za presha mdomo wake umekauka. Anaamka ulimi umegandana, mkate haumezeki bila chai, na ufizi ukichubuka unakaa hivyo muda mrefu. Nilikuja nikakuambia, na wewe ukasema ndiyo, baadhi ya dawa hizo zinapunguza mate, na mdomo usio na mate unachelewa kupona kwa sababu vile vichocheo vinakuwa haba. Ukamwandikia maswali ya kumuuliza daktari wake, ukamwambia anywe maji kidogo kidogo na asiache dawa za presha hata siku moja. Anatii. Anakwenda shambani na chupa ya maji kiunoni, na kila anayemuuliza anamwambia ni amri ya mjukuu wake.

Juma lililopita mezani, Baba alipotaja kwamba Kukhu atakuja kukuaga, ulisema hutaki kutemewa. Ulisema, "Nakwenda kufundisha watu juu ya vijidudu vya mdomo, halafu nianze kwa kutemewa mate?" Ningekujibuje? Maneno hayo uliyapata kwangu. Ulikuwa umesimama uani na blauzi nyeupe, ukanitazama nikikufuta, na mtoto hujifunza kwa anachokiona. Na hukukosea. Ndiyo maana sikutaka kukuvutia tu upande wangu kwa kelele za mezani.

Lakini jana Kukhu amenitumia ujumbe kwa mtoto wa jirani yake anayeleta maziwa sokoni. Ameniagiza nikuulize hivi, neno kwa neno: "Muulize Nabwire kama nije na mate, ama nije na mikono peke yake."

Hilo ndilo swali. Nimelibeba tangu jana na sijapata ujasiri wa kukuuliza uso kwa uso, kwa sababu ungeutazama uso wangu na kujibu ninachotaka mimi. Kwenye karatasi uko huru. Ukimwambia mikono, atakushika mikono na atafurahi, nimemuuliza na hatakuwa na kinyongo. Mimi pia sitakuwa nacho. Utakwenda Kampala na mapenzi yetu yote, hakuna kitakachopungua.

Ila nataka ujue anachokuja nacho. Mtoto wa maziwa ameniambia leo kwamba mzee anakunywa maji kidogo kidogo tangu asubuhi, asikauke mdomo, na amekuwa akitafuna vipande vya ndimu kuuamsha mdomo. Mate kidogo aliyobaki nayo, ambayo mdomo wake wenyewe unayahitaji, ameamua kukuletea wewe. Si dawa, ulishaniambia. Hayatatibu kitu kwenye paji la uso wako. Lakini mimi katika maisha yangu sijapewa kitu na mtu ambaye alikuwa na kidogo kiasi hicho, na nilipopewa nilikifuta.

Kama ukikubali, sabuni ipo, na stendi ya basi ina bomba. Nawa ukishaondoka, Kukhu akiwa haoni. Daktari ni daktari.

Mimi nimeshajibu kwa upande wangu. Nimemtumia Kukhu ujumbe kwamba aanze na mimi. Nimekuwa nikingoja tangu ile asubuhi, na nitasimama mbele yake kwanza, hapo hapo uani, na gauni langu la kanisa, wale wanawake wakija nao waone. Wewe utatazama. Ukiisha kutazama utaamua, na utakachoamua kitakuwa sawa.

Nenda vizuri, fundi wangu wa meno. Ukifungua mdomo wa mtu usiyemjua, kumbuka alichokificha humo kabla ya kuja, na umngoje kama ulivyoningoja. Nakupenda.

Leso yangu nimeifua jioni hii. Iko kwenye kamba nyuma ya nyumba, imeloa chepechepe. Haiwezi kukauka kabla ya asubuhi.

Mama yako